Inchi Arobaini na Mbili

Bodi imetenga fedha. Mimi ndiye mhasibu,
mimi ndiye wa kwenda mjini kuchagua.
Ekari kumi na nane za nyasi, Pongwe,
lililokuwa shamba la mkonge, sasa chuo cha ualimu,
na masika hayaulizi bajeti ya mtu:
ukifyeka Jumatatu upande wa bweni,
Ijumaa upande wa bweni unakucheka.

Nikamchukua Shemboza kwenye pikapu.
Miaka ishirini na mitatu ya kwanja. Bega la kulia
limeshuka, kama mizani ya muuza sukari mwizi.
Alivaa shati la Idi. Hakuuliza tunakwenda kununua nini.
Anayebadilishwa huwa wa kwanza kujua.

Chumbageni, dukani kwa Tayabali,
mashine tatu za manjano, zote hazina usukani.
Fimbo mbili tu, kama mikono ya mkokoteni.
"Sukuma zote, inakwenda. Vuta zote, inarudi.
Sukuma hii, vuta hii..."
ikazunguka palepale juu ya sakafu, tairi zikilia,
bila kuomba hata hatua moja ya nafasi.
"Hee," akasema Shemboza. "Inageukia kwenye kisigino."

Nilikuwa na maswali yangu, nimeyaandika:
mkanda ukikatika, upo Tanga au unasubiriwa kutoka Dar?
Petroli lita ngapi kwa ekari?
Ule mteremko wa nyuma ya jiko, mvua ikinyesha,
haitateleza ikaingia mtaroni pamoja na mtu wake?
Tayabali alijibu moja, akaruka mawili,
akarudi kulekule: chukua hii kubwa, inchi sitini,
siku moja na nusu umemaliza uwanja wote, utanishukuru.
Na mimi, sifichi, nilishaanza kuitaka.
Kalamu ilikuwa mkononi.

Shemboza alipiga magoti. Nikadhani anakagua visu.
Kumbe anapima upana kwa shubiri, midomo ikihesabu.
Saba, kasoro vidole.
Akasimama, akajipangusa. "Hii haipiti."
Haipiti wapi, Shemboza? Uwanja ni mweupe.
"Mweupe kwako."

Nyuma ya bwawa la zamani, kwenye vile vinundu
ambavyo katika ripoti zangu ninaviita vichuguu,
wamelala manamba. Kumi na tisa.
Jiwe moja moja la chokaa kichwani, mengine yamezama.
Walikata mkonge wa watu mpaka wakakatika wao,
na makwao kulikuwa mbali, hakuna aliyekuja kuuliza.
Alionyeshwa na Kilua, yule aliyemwachia kwanja,
jiwe kwa jiwe, kabla ya kuonyeshwa choo kilipo.
Kati ya jiwe na jiwe, shubiri sita.
"Ukipita na hii pana, utawavunja.
Usipopita, nyasi zitawala. Sijui lipi baya zaidi."

Tayabali alikuwa amenyamaza, jambo lisilo la kawaida.

Tukaipima ile ndogo ya pembeni, yenye vumbi:
inchi arobaini na mbili, shubiri tano kasoro vidole viwili.
Nikasaini. Bei imepungua, siku zimeongezeka.

Sasa bodi wameniandikia barua: kwa nini
mashine ndogo kwa uwanja mkubwa?
Fomu ina mstari mmoja wa "Sababu".
Nimeandika: mteremko. Nikafuta.
Nimeandika: petroli. Nikafuta, karatasi ikatoboka.

Dirishani namwona Shemboza juu ya kiti,
bega lilelile chini, mashine inamvuta kushoto,
anairudisha, anaitukana kidogo,
anazunguka jiwe, anazunguka la pili.
Kwanja amelifunga ubavuni mwa kiti kwa mpira wa baiskeli,
kwa vile vidole viwili vya mwisho
ambavyo kisu hakithubutu kusogelea.
Halafu anazima injini, anapaza sauti:
mhasibu, risiti ya petroli niiweke wapi?